Usukani wa Zege

Shemeji yake ndiye aliyembatiza jina la Zege, na jina likamganda. Siku ya mtihani wake wa urubani alivuta usukani ili atue, ndege ikapiga pua kwenye lami, gurudumu la mbele likapinda. Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa ndiye mwalimu, ameketi kando yake. Zege alilia akisema usukani ulikwama.

"Umekwama mikononi mwako," shemeji alimjibu mbele ya wanafunzi wote. "Una mikono ya zege."

Urubani ukaishia hapo. Akawa fundi wa mashine za mazoezi, na kazi akaipenda. Lakini kila familia ilipokutana kwa baba yao, shemeji hakukosa neno.

"Zege, nipe maji, ila usinivunjie jagi."

Baba anacheka, watu wanacheka, dada yake anatabasamu huku macho yakiwa kwenye sahani. Zege naye alicheka, kwa nje. Ndani alisaga meno.

Siku moja alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kukimbilia, mzee mmoja aliyekuja kunyoosha viungo akamtambua. Alikuwa mekanika wa ile shule ya urubani kabla ya kustaafu.

"Wewe si yule binti wa gurudumu? Pole sana. Lile kapi linalopitisha waya wa usukani lilikuwa limeliwa na kutu. Nililing'oa mwenyewe nikamwonyesha mwalimu wako."

Zege akajikokota kutoka chini ya mashine. "Alijua?"

"Alilishika mkononi. Akasema nimwachie, atalishughulikia."

Zege akashukuru, akamaliza kukaza nati, akarudi nyumbani bila kumwambia mtu. Akipiga kelele, shemeji atakana, na nani atamwamini Zege? Alitaka kwanza mtu yule akae pale alipokaa yeye.

Chumba chake cha nyuma kilikuwa na kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, na usukani wa plastiki mwepesi kama mfuniko wa sufuria. Akautupa. Badala yake akapitisha bomba la chuma kwenye beringi, liingie na kutoka kama droo, akalifunga springi za mashine ya kifua. Alipolivuta na kuliachia lilirudi kama manati, likamtandika mbavu. Akatukana, akaanza upya. Usukani wa ndege haukurushi. Unakuegemea, kama mtu anayesukuma mlango kutoka upande wa pili. Basi akang'oa mlangoni kile kifaa cha mafuta kinachofunga mlango polepole, akakiunga kwenye bomba. Hapo pakalainika. Akaongeza mikanda ya mpira, akapunguza, akavuta amefumba macho, mpaka mikono yake ikaukumbuka uzito wa hewa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa chenye grisi.

Kisha akafunga breki za baiskeli kulizunguka bomba. Waya wake akaupitisha chini ya zulia hadi kiti cha pembeni, na mkono wa breki akaubana chini ya kiti hicho. Akaalika familia.

"Jamani, Zege kajenga ndege! Tuvae helmeti?" shemeji alisema akiingia, miwani ya jua juu ya paji la uso.

Akakaa kwenye usukani, Zege kwenye kiti cha pembeni, akaruka, na aliruka vizuri. Hilo Zege hakulikataa. "Mbona ni kama wenyewe?" akasema kwa mshangao. Mkono wa Zege ukalegea chini ya kiti. Sifa hiyo alikuwa ameingoja miaka. Kisha shemeji akaongeza, "Kumbe hata zege lina kazi yake!"

Uwanja ukakaribia kwenye skrini. Shemeji akaanza kuvuta taratibu. Zege akabana. Bomba likagoma. Shemeji akavuta kwa mikono miwili, mishipa ikamsimama shingoni, ndege ikapiga pua chini. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Umekwama!" shemeji akafoka. "Usukani umekwama!"

Zege alikuwa ameshaachia breki. Akauvuta usukani kwa vidole viwili, ukaja laini.

"Umekwama mikononi mwako, shemeji."

Wote wakavunjika mbavu. Zege akamwinamia sikioni. "Kama lile kapi," akanong'ona. Shemeji akabadilika rangi.

Siku zilizofuata dada alimjia amefura. "Mume wangu hali chakula, hasemi. Umemfanya nini?"

"Muulize habari za kapi."

"Nakuuliza wewe!"

"Dada, nimekaa na jambo hili peke yangu. Na yeye akae nalo."

Dada aliondoka bila kuaga. Hilo lilimuuma Zege, ila hakumpigia simu.

Mwisho shemeji alisimama mezani kwa baba, akayasema yote: kutu, kapi, na jinsi alivyoogopa kufukuzwa kazi kwa kurusha ndege mbovu. Baba akaweka kijiko chini, akamtazama binti ambaye yeye mwenyewe alimcheka muda wote ule, asijue aanzie wapi.

"Nisamehe, shemeji," yule bwana akasema.

"Nimekusikia," Zege akajibu.

Wakangoja aongeze neno. Hakuongeza. Alichukua mkoba wake akatoka, akajipima moyoni kama anaona haya, hakuona.

Dada akamfuata hadi getini. "Siku ile ulimchezea, siyo?"

"Nilimchezea."

Dada akamkumbatia kwa mkono mmoja. Mwingine ulishika funguo za gari la mumewe.