Mshale Ulipolala

Fundi wa fuwele hakugusa kitu kabla ya kufuta vidole kwenye koti mara tatu. Motria, aliyepiga deki maabara ile ya Kiev miaka ishirini, alizijua taratibu zake zote: anabana pumzi, anapaka tone la rangi yenye madini ya fedha kwa unywele kwenye ncha ya fuwele, ananasisha waya hapo, ndipo anapumua. Fuwele yenyewe fundi aliikuza miezi minne kutoka lami ya makaa ya mawe. Siku hiyo Mkuu wa maabara, Hlushko, alileta wageni kutoka Moscow. Alishawaandikia kwamba fuwele ikimulikwa popote hutoa umeme. Mapazia yakafungwa, taa ikawashwa, mshale wa mita ukapanda. Wageni wakapiga makofi.

“Samahani, Mkuu,” fundi akasema. “Mwanga unagusa ukingo wa fedha.” Akausogeza katikati ya fuwele. Mshale ukalala.

“Mita imekwama hiyo!” Hlushko akafoka.

Fundi akaurudisha mwanga ukingoni. Mshale ukaruka. “Umeme unazaliwa pale fedha inaposhikana na fuwele. Katikati hamna kitu.”

“Nyamaza, mwanangu, watakufukuza,” Motria akanong'ona.

“Shangazi, si na wewe umeona?”

“Nina macho, au sina?” akajibu kwa sauti, wote wasikie.

Fundi akafuta vidole mara tatu, akavua koti, akalikunja vizuri kabla hajaambiwa aondoke.