Bomba la boti nililolikata kupita kiasi

Leo nimelikata bomba la moshi la boti yangu ya rimoti mpaka nikaliharibu.

Nilikuwa napunguza sentimita moja, napima mwendo ziwani, naandika. Kila mara boti ilikimbia zaidi.

Mkato wa tano, ikazubaa.

Na kesho nashindana na fundi mmoja wa Mbarara! Bomba jingine sina.

Jirani yangu Baba Neema, mpiga tarumbeta wa kanisa letu hapa Rubondo, akacheka: "Ndugu, mu fanfari, bendi yetu ya tarumbeta, hatukati bomba! Sauti ikikosa, tunalivuta tu lirefuke."

Nikaunganisha bomba na injini kwa kipande cha mpira wa rejeta ya gari, nikaacha nafasi kidogo katikati ili njia ya moshi irefuke tena.

Kasi ikarudi!

Kesho nitakuwepo. Ila nielezeni: moshi unaotoka tu unajalije urefu wa njia?