Filta ya Gari la Dada

Gari lilikuwa na milango miwili tu, limelala chini, na lilikuwa limenizidi umri. Shemeji, mume wa dada yangu, alilinunua kwa mtu aliyelichoka huko Dar, akaliendesha mwenyewe mpaka Kibondo. Lilikuwa na tabo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili nayo iisukumie injini hewa nyingi. Shemeji alipokanyaga mafuta ulisikia mluzi kabla ya kuliona gari.

Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Dada akarudi kwetu Heru Juu na watoto wawili, magodoro, na hilo gari likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mahindi.

Ndugu wa marehemu walikaa kikao. Kaka yake mkubwa alisema nyumba ni ya ukoo, shamba ni la ukoo, na gari lingekuwa la ukoo pia, ila marehemu alitamka hospitalini mbele ya watu kwamba gari ni la mke wake. Kwa hiyo wakaweka sharti. Siku ya kumaliza msiba, dada alifikishe gari uani kwao Kibondo likitembea lenyewe. Likifika, wataandika kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo kwamba ni lake, na muhtasari huo ndio utakaopelekwa mahakamani kwenye mirathi. Lisipofika, watatuma lori kulichukua.

"Kama anataka la kufugia kuku," alisema yule kaka, "banda tutamjengea."

Dada aliponisimulia alisema watu walicheka sana. Yeye hakucheka, na mimi sikujua niangalie wapi.

Mimi natengeneza pikipiki karibu na stendi ya Kasulu. Niliishia darasa la saba. Gari sikuwahi kulitengeneza, lakini dada alisema injini ni injini, na fundi wa mjini angemlia hela bure. Nilifungua boneti nikakuta panya wamezaa ndani ya boksi la filta ya hewa. Filta yenyewe, ile ya karatasi, walikuwa wameitafuna wakaifanya kitanda. Mpira wa kupeleka hewa kwenye tabo ulikuwa na tundu la kupitisha mkono. Vingine vyote vilikuwa salama. Nilibadilisha oili, nikaweka betri ya kuazima, gari likawaka, nikalizima haraka kwa sababu lilikuwa linavuta hewa tupu.

Boksi kama lile Kasulu halikuwepo, Kigoma halikuwepo. Mtu mmoja akanipa namba ya muuza vipuri wa Dar. Nilimtumia picha. Akanijibu kwa sauti, anaongea mbio kama mtangazaji wa mpira: boksi la asili hana na hatapata, ila ana za kuweka badala yake, aina mbili, bro, chagua, mzigo unaondoka kesho. Picha zikafuata.

Ya kwanza ilikuwa bomba refu linalopinda mpaka chini nyuma ya bampa, likafuate hewa baridi. Ya pili ilikuwa bomba fupi lenye filta ya pamba nje nje, imekaa kama uyoga, na vijana huiita hivyo, uyoga.

Nilitaka kumwuliza mambo matatu. Nilianza kuandika. Mimi huandika polepole, nafuta, naanza upya, naona aibu kukosea. Kabla sijamaliza swali la kwanza alikuwa ameshatuma sauti nyingine mbili. Nikafuta yote nikaandika, "Sawa, nafikiria."

Bodaboda wa kijiweni kwetu walizipitisha picha mkono kwa mkono.

"Chukua uyoga, dogo! Utapiga mluzi mpaka kambini kwa wakimbizi wakusikie."

"Huyu? Huyu akipigiwa honi tu anajificha."

"Bomba refu ndiyo mambo. Hewa baridi."

"Hewa baridi gani, litafyonza madimbwi! Unataka injini inywe maji kama ng'ombe?"

Mzee mwenye duka la vipuri jirani, ambaye kwao ni Tanga na ameishi Kasulu miaka mingi, alivaa miwani akaangalia kwa utulivu.

"Mwanangu, zote mbili ni za barabara za lami. Vumbi la huku ni unga. Mimi nina kopo la filta la lori dogo. Ni baya kwa sura, lakini limefungwa, na karatasi yake ninayo hapa kila siku. Tafuta fundi akuchomelee mdomo wa bomba."

Alisema kweli, na nilijua. Lakini kopo lile lilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyokuwepo, na ningelazimika kumwambia fundi wa kuchomelea akate kishikio cha betri kwenye gari la marehemu. Nilimwambia mzee nitarudi, nikapita njia ya nyuma wiki nzima asinione.

Nikachagua uyoga. Nilikuwa na sababu. Filta ya pamba huoshwa na kurudishwa, na mjane hawezi kuagiza karatasi Dar kila vumbi linapozidi. Nilikata kipande cha bati nikakipinda kiukinge na joto la injini. Niliona nimefikiria vizuri.

Mzigo ulipofika, ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza na michoro. Mchoro mmoja ulionyesha mkono ukidondoshea mafuta mekundu kwenye mikunjo ya ile pamba, mstari kwa mstari. Filta yenyewe ilikuwa nyeupe, kavu. Chupa ya mafuta haikuwemo. Nikakumbuka sauti ya muuzaji: "Na mafuta yake usisahau, bro." Nilikuwa nimesahau, au sikuelewa kwamba yanauzwa peke yake. Nilishika simu nimpigie. Nikaiweka. Nikaishika tena. Angeniuliza kwa nini sikuagiza pamoja, angecheka, na kabla ya kumaliza msiba zilikuwa zimebaki siku mbili.

Kwenye pikipiki, filta ya sponji tunaiosha kwa petroli, tunaipaka oili kidogo, tunaikamua. Oili ile ni nyeusi. Hii ya mchoro ilikuwa nyekundu, angavu. Jikoni kwa mama kulikuwa na galoni la mawese ya Kigoma.

Sasa nikiandika naona ujinga wake. Siku ile sikuuona. Mchana ulikuwa na jua na mawese yalikuwa mepesi kama chai. Niliyachuja kwa kitambaa mara mbili, nikadondosha mstari kwa mstari kama mchoro ulivyosema, na pamba ikawa nyekundu ileile, sawasawa na picha. Niliifunga kwa klipu. Dada akakaa, akawasha, akakanyaga. Mluzi ukatoka. Watoto wake wakapiga kelele uani, na dada akaegemeza kichwa kwenye usukani. Nilidhani anacheka.

Mama alikuja na mkono wenye unga. "Mwana wanje, umeweza," akaniambia, akiniita mwanawe kwa lugha yetu. Ndiyo maana sikumweleza mtu kuhusu mawese. Hakuna aliyeuliza.

Tuliondoka alfajiri, dada kwenye usukani, mimi pembeni. Watoto walibaki kwa mama. Ulikuwa mwezi wa baridi, na Heru Juu baridi yake ukipumua unaona. Gari liliwaka kwa shida. Nikajiambia ni betri. Kushuka lilikwenda. Tulipovuka mji wa Kasulu na kuanza mlima wa kwanza likakohoa, dada akakanyaga mpaka mwisho, na badala ya mluzi tukapata moshi mweusi. Pikipiki yenye mikungu ya ndizi ikatupita. Halafu gari likasimama.

Nilijua kabla sijafungua boneti. Mawese yalikuwa yameganda. Yalikuwa yamejaa katikati ya mikunjo, ya njano, mazito, kama mafuta juu ya mboga iliyolala, na juu yake vumbi la malori limeshikamana likawa tope. Injini ilikuwa inajaribu kupumua kupitia ukuta.

Dada alisimama pembeni yangu amejifunga kitenge mabegani.

"Ni nini?"

Nilifungua klipu, nikaitoa filta.

"We mtoto, ni nini?"

"Mawese."

Alichukua filta mkononi mwangu, akainusa. 

"Ndiyo maana tangu juzi nasikia harufu ya maharage," alisema.

Ningependa angenipiga. Nilimwambia naweza kuiosha kwa petroli. Kijana wa bodaboda aliyesimama kututazama akatuuzia chupa moja. Niliosha kandokando ya barabara, mikono ikafa ganzi. Mawese yalitoka, lakini pamba ilibaki imelowa petroli, na jua lilikuwa bado halina nguvu. Tabo ikishika moto huwa nyekundu. Niliwahi kuona pikipiki ikiungua kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nikamwambia dada tungoje ikauke.

"Muda gani?"

"Saa mbili. Labda tatu."

Simu yake ikaita. Aliiweka sauti ya nje. Alikuwa yule shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, akianza na salamu ya asubuhi ya kwetu.

"Shemeji, mwakeye! Wazee wameshakaa. Au nianze kutafuta lori?"

Nyuma yake watu walicheka.

"Tupo njiani, shemeji," dada alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akakata. Akaniangalia. "Bila filta linakwenda?"

"Linakwenda."

"Basi toa, twende."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, maneno yalikuwa yanakwama, lakini nilimweleza. Bomba tupu litafyonza kila kitu. Ile feni ya tabo ina mabapa membamba kama wembe na inazunguka kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Vumbi linayala, kijiwe kimoja kinayavunja.

"Litakufa lini?"

"Sijui, dada. Labda mwezi ujao. Labda leo."

"Lakini litafika."

"Sijui."

"Mimi nataka lifike tu."

Nilifuta sensa ya hewa, kile kidude kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, kwa ncha ya shati langu, nikafunga boneti juu ya bomba lililo wazi. Injini iliwaka mara moja, nyepesi, yenye furaha. Hilo ndilo liliniumiza. Lilivuta vizuri kuliko siku zote.

Palipokuwa na lami sikusema kitu. Palipochimbwa, tulipopitishwa pembeni nyuma ya malori, nilisema, "Taratibu, dada," na dada alipunguza, kisha akaangalia saa, akaongeza. Vumbi lilikuwa jekundu mpaka hatukuona mbele. Nilikuwa nimekunja ngumi magotini na sikuwa na la kufanya. Kwenye pikipiki kitu kikilia nasimama, nashuka, nafungua. Hapa nilikaa nikasikiliza. Mluzi ulianza kuwa mwembamba. Halafu ukawa na mkwaruzo ndani yake, kama kijiko kinachokwangua sufuria. Kila nilipomgeukia dada alikuwa anatazama barabara.

Tuliingia uani kwao Kibondo gari likilia hivyo. Wanaume waliinuka kwenye viti. Shemeji mkubwa alilizunguka mara mbili, akapiga tairi teke.

"Sauti gani hiyo?"

"Ndivyo linavyolia siku zote," alisema dada. "Marehemu kaka yako aliipenda."

Mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti akasema gari limekuja kwa magurudumu yake, wote wameliona, waandike. Kijana wa ukoo akaandika kwenye daftari la mistari, akasoma kwa sauti: gari moja dogo, la milango miwili, linatembea, limekabidhiwa mjane wa marehemu. Wakaweka sahihi mmoja mmoja. Upande wetu alihitajika shahidi, na mwanamume pekee wa upande wetu alikuwa mimi.

Kalamu ilikuwa inateleza kwa mafuta ya vidole vyangu. Niliandika jina langu herufi moja moja chini ya lile neno, linatembea, wote wakiningojea.

"Huyu ndiye fundi?" shemeji mkubwa aliuliza. "Hata kusalimia hajui, lakini gari amelifufua. Hongera, bwana mdogo."

Alinipa mkono. Niliupokea kwa mikono yote miwili, kwa adabu.

Tulikula. Kabla jioni haijaanza, dada akaaga. Watu walitoka kututazama. Gari liliwaka kwa moshi wa bluu uliojaa uani, kuku wakakimbia, na mtu akasema ehee, lina nguvu hilo. Nilijua maana ya moshi wa bluu. Tabo ilikuwa inamwaga oili ndani ya injini. Dada alikanyaga, mluzi haukutoka kabisa, tukajiburuta mpaka barabarani, tukashuka mteremko. Mteremko ulipoisha, gari likaisha nalo, chini ya kona, mahali ambapo kutoka kwao huwezi kupaona.

Dada alivuta breki ya mkono. Alitoa nakala ya muhtasari ndani ya sidiria, akaikunjua, akaisoma yote kwa midomo, akaikunja tena.

"Ni langu," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Sasa unalitengenezaje?"

Mwanamke mwenye mzigo wa kuni alipita, akatusalimia, tukaitikia. Nilitafuta kitu cha kumwambia dada. Tabo nyingine ingetoka Dar, kwa yuleyule muuzaji, na ningelazimika kuuliza maswali yote ambayo sikuyauliza, na hata hivyo sikujua kama injini yenyewe imebaki na kitu ndani.

"Sijui," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Kisha akashusha kioo, akaanza kuangalia malori yanayorudi Kasulu, kama kuna lenye kamba.