Foleni ya Dengu

Duka ninaponunua uzi huchoma udi kila asubuhi, na harufu hiyo hunirudisha kwenye foleni ya dengu.

Nyumba yetu katika mtaa wa mabanda wa Lindi ilikuwa imechomwa kwenye ghasia za baada ya kura, tukakimbilia uwanja wa kanisa moja mtaani Kawangware. Wahindi wa hekalu walituletea wali na dengu. Nyanya mmoja, sari yake imejaa vumbi na harufu ya udi, alinipa sahani, kisha akaunganisha viganja na kuniinamia.

Mimi mtoto wa Sande skuli nilijua viganja vile. Nikafumba macho, nikangoja amina. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Fungua macho," Mama akaninong'oneza. "Anakusalimia tu."

"Hapana, mama," nyanya akasema. "Mimi nasalimia Mungu. Iko ndani yake."

Nikamtazama Mama, maana nyumbani tuliambiwa Wahindi wanaabudu sanamu. Mama alikuwa ameangalia chini, ameshika sahani yake kwa mikono miwili.

Wiki hiyo yote, kila mtu mzima mwingine aliyeniinamia alitaka kujua mimi ni kabila gani.