Mbeleko Iliyotangulia Kolonia

Treni ikisimama Kilosa, watu wanashuka. Ndivyo nilivyokua nikiona. Wanashuka kunyoosha miguu, kunawa uso bombani, kununua kuku na mihogo, kumsalimia shemeji ambaye hawakumtarajia. Gadi mwenyewe anakunywa chai. Halafu kipande cha reli kinagongwa, honi inalia, mtu anamalizia kutafuna, ndipo anapanda. Mimi nimeuza chakula pale stesheni tangu siku za ruksa, wakati kila mwenye sufuria aliporuhusiwa kuwa mfanyabiashara, na sijawahi kuona treni ikiondoka bila kuaga.

Nayasema haya mwanzoni ili msinicheke kabla ya wakati.

Wajukuu zangu wakieleza kwamba bibi yao, aliyeishia darasa la nne, alikatiza miji ya Ulaya kwa treni peke yake, watu hudhani wanatia chumvi. Hawatii. Nilikwenda, nikarudi, na meno yangu yote yalikuwa bado kinywani.

Binti yangu wa mwisho alikuwa muuguzi. Akaolewa na kijana wa Kizungu aliyekuja kuchimba visima huku kwetu, wakahamia kwao mume, mji wa zamani unaoitwa Brugge, Ubelgiji. Huko mimba yake ya kwanza ikatoka. Ya pili nayo ikatoka. Mara zote mbili nililia huku Kilosa na yeye alilia huko, kila mmoja na ukuta wake. Ya tatu ikakaa. Siku moja wakaniita kwenye duka la simu, nikashika mkonga, nikasikia kitoto kinalia kwa sauti nyembamba kama ya paka.

"Mama, unamsikia?"

"Namsikia. Mbona analia hivyo?"

"Halali, Mama. Nikimlaza analia, nikimbeba kifuani analia. Mume wangu anakutumia tiketi. Njoo. Na uje na mbeleko."

"Huko hakuna mashuka?"

"Mama! Mbeleko yetu. Usije bila hiyo."

Nilijua anachosema. Mbeleko yetu ni kaniki nzito ambayo marehemu mama alitubebea sisi, dada yangu akawabebea wanawe, na mimi wangu. Zamani ilikuwa nyeusi, sasa imefifia ikawa rangi ya majivu. Katika ukoo wetu hakuna mtoto aliyebebwa kwa nguo ile akatutoka. Wengine watasema ni bahati. Waseme. Binti yangu alishazika matumaini mara mbili, hakutaka kujaribu bahati nyingine.

Mbeleko ilikuwa kwa dada yangu mkubwa, Mikumi, maana yeye ndiye mkubwa na mkubwa ndiye anayetunza. Nikapanda lori la mahindi kupitia Zombo, vumbi likanipaka uso mzima. Dada yangu huyu ni mwanamke wa sheria. Usipomwamkia vizuri anageuza kichwa kama hajakuona.

"Shikamoo dada."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Marahaba. Hilo koti umeliiba wapi?"

Nilikuwa nimelivaa ili anione. Koti la sufu, zito, la mitumba, nimelichagua mwenyewe mnadani.

"Nimenunua. Ulaya kuna baridi."

"Kumbe! Koti linarudi kwao, na wewe unalisindikiza." Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na mbeleko imekunjwa, ina majani makavu ya mrehani katikati. Hakucheka tena. Aliiweka mikononi mwangu, lakini mikono yake haikuachia.

"Hii ukiipoteza," akasema, "usije ukaniamkia tena hapa Mikumi. Sitaitikia."

"Nitaipotezaje, dada? Mimi ni mtoto?"

"Mtoto angalau anafungwa mgongoni."

Nikaiweka chini kabisa ya shangazi kaja, lile begi la plastiki la mirabaraba, juu yake nikapanga unga wa ulezi, dagaa, kanga mpya na maandazi ya njiani. Pasi na tiketi nikavitia kwenye kipochi, nikakining'iniza shingoni. Nikaona nimejipanga kama jeshi.

Ndege sitaizungumzia. Ni basi lililokosa madirisha ya kununulia vitu. Mkwe wangu alikuwa aje kunipokea Frankfurt, Ujerumani, lakini mke wake bado alikuwa dhaifu na mtoto analia, hakuweza kuwaacha. Akamwomba kwa simu dada mmoja wa pale kiwanjani anipandishe treni. Nilitakiwa kubadilisha mara moja tu, Kolonia. Binti yangu alikuwa ameniambia, "Mama, ukiona kanisa kubwa jeusi limesimama juu ya stesheni, shuka hapo." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi treni unanifundisha?"

Behewa lilikuwa la vyumba, kama daraja la pili letu, ila safi mpaka unaogopa kukohoa. Mle nilimkuta bibi mmoja wa makamo yangu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, viatu vya kamba kama vya mwanajeshi. Nikamwambia, "Habari za safari, mama?" Akajibu kwa lugha yake. Nikaendelea kwa yangu. Tukaelewana kama wanavyoelewana wanawake wawili wanaochambua mchicha. Akajigusa kifuani, akasema, "Bonn." Nikajigusa changu, nikasema, "Kolonia." Akanionyesha kwa vidole: Bonn kwanza, Kolonia baadaye.

Sasa, kwetu huli ndani ya treni mwenzako akikutazama. Nikatoa maandazi, nikampa. Akakataa kwa kutikisa kichwa. Nikamsogezea tena. Akakataa. Nikamwekea mapajani, mjadala ukaisha. Alipoling'ata moja, macho yake yakafunguka, akatoa kisu kidogo na tufaha, akalikata, nusu yangu nusu yake. Basi, tukawa ndugu wa behewa. Kwetu, mtu akila chakula chako, treni nzima inajua kwamba mzigo wako ni mzigo wake.

Reli ile inafuata mto. Nilipouona nilicheka, maana nilidhani nimerudi Kidete: mto upande huu, kilima upande ule, na treni imebanwa katikati inajipinda kama nyoka mwenye adabu. Tofauti ni kwamba Mkondoa wetu ukikasirika unabeba reli na mataruma yake, na huu wao umetulia, umebeba meli. Na juu ya vilima kuna majumba ya mawe ya kale, mengine yamebomoka, yamekaa huko peke yake kama wazee waliokataa kuhamia mjini. Yule bibi akawa ananionyesha kila moja na kunitajia jina. Nikawa naitikia, "Ehee," kwa heshima. Babu yangu alibeba mataruma wakati Mjerumani anajenga reli yetu. Nikajisemea moyoni, babu, leo mjukuu wako amekalia kiti chao na hakuna anayemwamrisha.

Tukafika Koblenz. Treni ikasimama. Miguu yangu ilikuwa imevimba kama mihogo ya Ruhembe. Nikamwambia bibi, "Mama, niangalizie mzigo," nikamwonyesha shangazi kaja juu ya kichanja. Akaitikia kwa kichwa. Nikashuka.

Nilikuwa natafuta bomba la maji. Nilikuwa pia natafuta wauzaji, nione wenzangu wa huku wanauza nini. Hakuna mtu mwenye sinia. Stesheni kubwa vile, haina hata mama mmoja wa mihogo! Nikawa nimesimama nawasikitikia abiria. Nyuma yangu milango ikajifunga, pwii, kwa sauti ya chini kama mtu anayepuliza chai. Nilipogeuka, treni inakwenda. Haikupiga honi. Haikugonga chochote. Nikamwona bibi dirishani, mikono yote miwili juu ya kioo, mdomo wazi.

Nikakimbia. Mwanamke mwenye wajukuu, koti la sufu, ndala na soksi, nakimbiza treni ya Ulaya huku napiga kelele, "Subiri! Subiri, nina mzigo!" Watu wakasimama kunitazama. Mkia wa treni ukaingia konani, ukapotea.

Niseme kweli, hapo sikuwaza njia wala kupotea. Mtu mwenye mdomo hapotei. Niliwaza ile kaniki. Nilimwona dada yangu anageuza kichwa. Nilimwona binti yangu mlangoni anatazama mikono yangu mitupu, anajaribu kutabasamu ili nisijisikie vibaya, na mtoto anayelia nyuma yake. Nikaketi kwenye benchi, nikalia kwa sauti, kilio cha msibani hasa.

Mtu wa stesheni mwenye kofia nyekundu akaja mbio. Akaongea. Nikamwonyesha reli, nikamwonyesha mgongo wangu, nikabembea kama nabeba mtoto. Maskini akabadilika uso! Akadhani nimeacha mtoto ndani ya treni. Akaanza kukimbilia simu. Nikamshika mkono.

"Hapana, baba! Si mtoto. Nguo! Nguo ya mtoto!" Nikashika koti langu, nikalivuta, "Nguo! Begi!"

Neno begi likamfikia. Akashusha pumzi mpaka kofia ikasogea. Akatazama tiketi yangu, akanipandisha treni iliyofuata mwenyewe kwa mkono, akaninyooshea kidole usoni kama mwalimu na kusema neno moja mara nyingi. Sikulijua, ila nililielewa: usishuke.

Sikushuka. Hata Bonn treni iliposimama sikusogeza kisigino. Nilitazama dirishani nikasema kwaheri kwa yule bibi aliyeshukia pale, na kwa mbeleko iliyoendelea mbele bila mwenyewe.

Kanisa nikaliona kabla ya mji. Jeusi, refu, limechongoka juu kama mwiba, kama vile miaka yote limepikiwa ndani kwa kuni. Nikashuka Kolonia katikati ya watu wengi, sijui nianzie wapi, nimeshika kipochi changu shingoni.

Na pale kwenye benchi, ameketi wima kama askari wa zamu, viatu vyake vya kamba vimebanana pamoja, shangazi kaja mapajani, mikono ameizungusha kulikumbatia, alikuwepo bibi wa Bonn.

Alikuwa ameipita Bonn. Hakuhitaji mkalimani kunieleza hilo. Alikaa ndani ya treni, mji wake ukapita dirishani, kwa sababu aliitikia kwa kichwa nilipomwambia niangalizie.

Sikumshukuru kwa maneno, yangemfaa nini? Nikafungua begi palepale chini, nikatoa unga, nikatoa dagaa, mpaka nikaigusa. Nikaitoa. Mrehani ukanukia stesheni nzima. Akatazama kitambaa kile kikuukuu, kisha akanitazama mimi, na nikaona anajiuliza: ulililia hiki? Basi nikachukua mkoba wake wa ngozi, nikamgeuza, nikauweka mgongoni kwake, nikapitisha mbeleko chini ya kwapa, juu ya kifua, nikafunga fundo. Nikamsukuma kidogo. "Bembea, mama. Hivi."

Akabembea. Ajuza wa Kizungu, katikati ya Kolonia, anabembeleza mkoba! Watu wakapita wanacheka, naye akacheka, kisha machozi yakamtoka na hakuyafuta. Sijui alikuwa na watoto au hakuwa nao. Sikuwa na lugha ya kumuuliza. Nikampa dagaa wote. Akanipeleka mpaka mlango wa treni ya Brugge na kunikalisha, na mpaka treni inaondoka alikuwa ananitikisia kidole: usishuke!

Brugge mkwe wangu alikuwa ananisubiri. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Anasimama mbali, anatazama chini. Huyu alikuja mbio akanikumbatia mbele za watu, kisha akasema, "Shikamoo, Mama," vizuri kabisa. Nikaitikia marahaba kabla sijapata nafasi ya kukasirika. Tukapita mji wa matofali ya kale ambao maji yamejaa mitaani. Kwetu maji yakiingia mtaani tunahama na kuku. Wao wamejenga madaraja na kuuza chokoleti.

Binti yangu alifungua mlango, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Hakuniamkia. Alitazama begi.

"Mama, imekuja?"

"Ilitangulia Kolonia," nikasema, "lakini imekuja."

Mtoto alikuwa analia. Nilinawa, nikainama, mama yake akaniwekea mgongoni, mwepesi kama kifaranga, nikafunga fundo. Akalia. Nikatembea, dirishani na mlangoni, dirishani na mlangoni. Akalia kidogo. Kisha kichwa chake kikaanguka hapa, katikati ya mabega, na joto lake likapenya.

"Mama," binti yangu akanong'ona, "amelala?"

Kabla sijajibu, yeye mwenyewe alishalala kwenye kiti.

Nilikaa mpaka mtoto akapata mashavu na mama yake akajua kufunga fundo kwa mbeleko ya kitenge niliyomkatia mpya. Nikarudi na kaniki imo kifuani, ndani ya koti, si ndani ya begi. Nilipofika Kilosa sikupumzika, nikapanda lori kwenda Mikumi. Dada yangu alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo dada."

Ungo ukaendelea. Nikatoa mbeleko, nikamwekea mapajani. Akafuta mikono, akaikunjua, akaileta puani, akavuta pumzi kwa muda mrefu.

"Inanuka maziwa," akasema. Akavuta tena. Ndipo akaniinulia uso.

"Marahaba."