Sinema Aliyoitafsiri Dada Zuhura

Ukumbi ulinukia asumini, karanga za kukaanga na mafuta ya nazi ya nywele. Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake peke yao, Waswahili kwa Wahindi, na dada yangu Zuhura alinishika mkono tukatoka Kariakoo kwa miguu, tukakatiza Mnazi Mmoja, huku akinionya nisimwambie baba. Miaka ile ya kabla ya uhuru, filamu iliyowatoa watu majumbani ilikuwa ya jambazi wa Bombay aliyependana na binti wa hakimu. Alipowapora matajiri tulipiga makofi, maana nasi tulikuwa na wakubwa wetu tuliotamani waporwe. Lakini mwishoni jambazi alipigwa risasi, na binti akarudi kwa baba yake, akapiga magoti. Wanawake walilia, wakatoka wameridhika. Dada hakulia. Alitembea hadi nyumbani amenuna.

Wiki ileile ililetwa posa. Mposaji alikuwa mfanyabiashara wa nazi, mtu mzima mwenye mke mwingine Ilala. Baba, fundi cherehani aliyeheshimika mtaani kwetu, alikuwa amekwisha kukubali moyoni. Jibu lingetolewa Jumapili. Zuhura, msichana wa miaka kumi na saba, akasema hamtaki. Mama aliacha kutwanga.

“Ni nani huyo kijana?” baba aliuliza.

“Hakuna kijana, baba. Simtaki tu.”

Baba hakuweza kuamini kwamba msichana anaweza kukataa mume bila kuwa na mwingine, na jirani alikuwa ameshamnong’oneza habari za ile filamu. Hakusema na dada tena hadi Jumamosi mchana, alipovaa kanzu yake ya Ijumaa na kututazama sote wawili. “Twendeni,” alisema, “nikaione hiyo iliyokuharibu.”

Alikuwa hajawahi kuingia sinema. Alikaa katikati yetu, mgongo wima, na kwa kuwa Zuhura alikijua Kihindi kwa kukua pamoja na watoto wa Kihindi wa nyumba ya pili, ikabidi amtafsirie. Kila mara baba aliinamisha sikio: “Anasema nini?” Dada alinong’ona. Hakimu alipomfungia binti yake chumbani, baba alitikisa kichwa kukubali. Kisha ikafika pale mwisho. Binti alipiga magoti, akasema maneno mengi.

“Anasema nini?”

Dada alisogeza mdomo karibu na sikio lake. “Anasema, baba, umenilea, umenilisha, sijakuvunjia heshima hata siku moja. Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza mara moja tu.”

Mama mmoja wa Kihindi aliyeketi mbele yetu aligeuka. Alimtazama dada, akamtazama baba. Kisha akageukia filamu yake.

Baba alitangulia njia nzima. Jumapili asubuhi, wageni wakiwa wamekwisha kuketi barazani, alimwita dada uani. “Zuhura, unamtaka mtu huyu?” Akajibu, “Simtaki, baba.” Baba akatoka kwenda kuwaambia. Yule mfanyabiashara na rafiki zake hawakushona tena kwake, na mtaani walimcheka sana. Alivumilia, hakumlaumu dada hata mara moja.

Miaka mingi baadaye, tulipokwisha kumzika baba, nilimuuliza dada yule binti wa hakimu alisema nini hasa. “Alikuwa anaomba radhi,” alinijibu. “Alisema baba yake ndiye aliyejua lililo jema kwake.”

Siku hizi filamu za Kihindi zimetiwa sauti ya Kiswahili, na wajukuu zangu hawahitaji mkalimani. Wasichana hawa huulizwa kabla posa haijapokelewa, nao hujibu bila kuinamisha uso, wakiona ni jambo la kawaida kabisa. Kwa dada yangu halikuwa la kawaida. Alilazimika kulisema kwa kinywa cha mtu mwingine, gizani, bega lake kando ya bega la baba.