Kila Mtu Si Kitabu

Jumanne asubuhi nilipata habari kutoka mji wa Ibra kwamba mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Unguja aliyesomesha tarikhi huku Oman kwa miaka mingi, amefariki. Wasomaji wa safu hii hawamjui, ila baadhi yao waliwahi kunikasirikia kwa sababu yake, na leo nataka kumshukuru.

Niliwahi kuandika hapa kwamba Wazayuni tangu mwanzo walikuwa na kauli moja. Kesho yake alinipigia simu, akaniambia niende kwake na gazeti lile. Niliendesha gari kutoka Nizwa nikidhani nakwenda kusifiwa. Nilimkuta na jirani yake, kahawa na tende zimeshatengwa. Alilichukua gazeti, akaipigia sentensi yangu mstari kwa kalamu ya risasi.

"Haya umeyasoma wapi?"

Nikasema kila mtu anayajua.

"Kila mtu si kitabu, mwanangu."

Akafungua daftari lake. Akanieleza taratibu kwamba, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kundi moja la Wazayuni lilijitenga na jumuiya yao kuu. Lilitaka lengo la dola ya Kiyahudi litangazwe waziwazi, na lilidai kingo zote mbili za Mto Jordan, ilhali viongozi wa jumuiya waliona heri kwenda hatua kwa hatua na Waingereza, waliokuwa wakiitawala Palestina. Dola ya Israel ilipoundwa, warithi wa kundi hilo walikaa upinzani miaka mingi, kisha wakashika serikali. Anayewaona wote kitu kimoja, alisema, hawezi kuzieleza siasa zao za leo. Jirani akamtania kwamba ameshakuwa wakili wao. Akacheka. "Tabibu huisoma homa, sheikh. Haipendi."

Akanitaka nisahihishe. Nilisita, kwa kuwa wasomaji wangu wana uchungu wa Palestina kama nilionao mimi, na niliogopa kuonekana nimegeuka. Wiki iliyofuata nikasahihisha. Barua za lawama zikaja. Msomaji mmoja aliapa hatonisoma tena. Kisha mwalimu akanipigia simu kutoka Ibra.

"Ahsante. Sasa ukiwapinga, itabidi wakujibu. Mwanzo wangekucheka tu."

Simu zetu siku hizi hutuletea hukumu kabla ya habari, na mimi pia hupenda njia ya mkato. Lakini gazeti lile lenye mstari liko mezani pangu, na kila niandikapo juu ya dhuluma hulitazama kwanza. Aliyedhulumiwa ndiye anayestahili zaidi shahidi asiyekosea.